Zimwi Lisilo na Jina

Tangu Yai atoke hospitali, hakuna aliyemruhusu kushika mkasi. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu nyumba nzima ilimbeba kama yai, nalo likamganda. Kabla ya hapo alikuwa mkataji wa nguo. Yeye alipima na kukata, kaka yake akashona, na duka lao lilisifiwa kwa suruali zinazokaa mwilini bila ugomvi.

Siku damu ilipovuja kuuzunguka ubongo wake, alikuwa ameinamia meza, chaki mkononi. Kichwa kilimpasuka ghafla kama aliyepigwa nyundo ya kisogoni. Madaktari walimpiga picha za mishipa, wakarudia, wasione palipotoboka. Daktari akawaeleza jamaa bila kuzunguka. Damu ya namna hii, isiyoonekana chanzo, mara nyingi hairudi, na wengi hupona wakaishi miaka yao. Ila uchovu, maumivu ya kichwa na kusahausahau vinaweza kukaa naye muda mrefu. Apumzike, kisha arudi kazini polepole.

Katika maneno yote hayo, ukoo ulisikia moja tu: chanzo hakijulikani.

Basi kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na chanzo chake. Jirani alisema ni kuoga maji baridi. Shangazi alisema ni kuinama, na kwamba yeye alishaonya zamani juu ya mtoto anayependa kuinama. Mjomba hakuwa na chanzo, akaona aibu, akasema ni mawazo. Kila chanzo kilileta katazo lake: asioge asubuhi, asiiname, asiudhiwe, asicheke sana. Wageni walimaliza chai, wakaondoka wamepona.

Mkali kuliko wote alikuwa Kaka. Aliutia mkasi kwenye mfuko wa koti, akatembea nao hata msalani, na kazi ya kukata akaichukua mwenyewe. Mwalimu wa hesabu alirudisha suruali ambayo mguu mmoja ulimzidi mwenzake. Kaka alimzunguka, akamtazama sana, akamwambia tatizo ni kwamba anasimama vibaya. Mwalimu akajitahidi kusimama vizuri.

Yai aliwekwa kwenye kiti chenye mito, akatazama vitambaa vikichinjwa. Ni kweli alichoka upesi, na kila mchana kichwa kilimuuma. Angeweza kupima kiuno cha mtu, namba ikamtoroka kabla hajaifikia meza. Lakini dawa ya hilo alishaipata. Alijaribu kwa siri kwenye pazia kuukuu, akaandika kila namba kwa chaki pale pale kitambaani, na vipimo vikakaa. Alichotaka kujua ni kimoja: yeye bado ni mkataji, au atakuwa mgonjwa mpaka siku ya kufa?

Walipokwenda kliniki, Kaka alimjibia maswali yote, hata lile la kama kichwa kinauma. Alisema mpaka akahema, ndipo nesi akamfunga yeye kipimo cha presha. Daktari alikitazama kile kipimo, akamtazama Kaka. Akasema dada arudi kazini. Wa kuogopewa ni huyu anayemsindikiza. Akampa Kaka vidonge vya presha.

Vidonge vikaenda kukaa mfukoni na mkasi, pakiti haijafunguliwa.

"Kaka, meza dawa," Yai alimwambia jioni.

"Yangu inajulikana, mdogo wangu. Ni presha tu. Babu alikuwa nayo, baba alikuwa nayo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. La kuogopa ni hilo lako lisilo na jina."

"Na baba yuko wapi?"

Kaka alikohoa kidogo, akamsihi asijiudhi, asije akaumiza kichwa.

Zimwi lilimjua Kaka vizuri sana. Lilimkuta kwenye cherehani, suruali ya mwalimu mapajani, anafumua mshono. Halikubakiza kitu.

Msibani hakuna aliyetafuta chanzo. Presha, walisema, kama mtu asemavyo mvua, kisha wote wakamgeukia Yai. Walimkalisha mbali na jeneza, na shangazi akamshika kidevu kisishuke.

"Usilie, Yai wangu. Kichwa chako."

"Shangazi, niache nimlilie kaka yangu."

Akaondoa ule mkono, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, akalia. Watu walisogea nyuma kama wanaokimbia sufuria linalochemka. Alilia mpaka akatosheka. Kichwa kiliuma, kama kinavyouma kila mchana. Akalala, akaamka.

Msiba ulipokwisha, alilitoa koti la Kaka msumarini, akalikumbatia kwanza, kisha akautoa mkasi. Mwalimu alipokuja kuulizia suruali yake, alisimama amejikaza, kifua mbele, bega moja juu, kama alivyoagizwa na marehemu.

"Simama tu unavyosimama siku zote, mwalimu," Yai alimwambia.

Akapima, akaandika namba kwa chaki, akainamia meza kuukata ule mguu uliozidi.