Mfalme wa Sebuleni

Kila Jumapili alasiri tulikutana kwetu kuitukana tamthilia ya watu. Sisemi kuitazama. Wanaotazama ni mashabiki, na sisi hatukuwa mashabiki wa takataka ile. Tuliketi na chai yetu, tukafungua televisheni, na mtu akitokeza tu tunamvua nguo: huyu hana sauti, huyu shingo imemkauka, huyu anakufa huku anapepesa macho. Ikiisha, roho zetu zimetulia kidogo na kila mtu anashika njia yake.

Nieleze, maana kuna watu wameshasahau, na kusahau kwao ndiko kunakonikera. Kabla ya hiyo yao kulikuwa na yetu. Yetu ilikuwa tamthilia ya kihistoria iliyosimama, yenye vita, mabaraza na hotuba za kumtoa mtu jasho. Mimi nilikuwa malkia. Mume wangu, huyu huyu wa ndoa, alikuwa mfalme. Tulikuwa tunapiga picha za sehemu ya mwisho, mfalme anakufa. Kalala kitandani kapakwa unga usoni apate rangi ya mgonjwa, mimi nimepiga magoti ubavuni, mwongozaji kashanyanyua mkono, mara mtu wa ofisini akaingia akamnong'oneza. Mkono ukashuka. Tukaambiwa watazamaji wamepungua, tamthilia nzito, tena ghali, haina vijana. Tuvue mavazi. Mfalme akainuka kitandani hajafa, akanawa uso kwenye ndoo ya mtu wa usafi, tukarudi nyumbani.

Joto letu halijatoka kwenye yale mavazi, wakaanzisha nyingine. Ukumbi ule ule, mapazia yale yale, hata kiti cha enzi ni kile kile ambacho mguu wake mmoja unacheza. Ila sasa hadithi karibu yote inatokea jikoni: wapishi, vijakazi, sumu kwenye bakuli na vicheko mlangoni. Basi watu wakaishiwa akili. Kwa msusi ni hiyo, kwenye foleni ya duka la dawa ni hiyo. Msusi wangu alinivuta nywele hadi machozi yakanitoka kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye simu, anairudia. Sisi tuliipachika jina, Mrithi, na hatukuipa kwa mapenzi.

Kilichonikata maini zaidi ni yule. Katika tamthilia yetu yule alikuwa mjakazi wangu. Kazi yake ilikuwa kunishikia mkia wa gauni na kusema "ndiyo, bibi", basi. Huko kwa Mrithi wamempa mama wa mfalme, Bibi Mkubwa anayetetemesha nyumba nzima, na magazeti yanamwimbia yeye kuliko wote. Jina lake halitajwi kwangu. Yule, inatosha.

Jumapili ya kwanza kabisa niliwaapisha. Nilisema atakayetia mguu kule asinijue, tukikutana barabarani apite upande wake. Jemadari, aliyekuwa mkuu wa majeshi yetu na sasa anauza magodoro, aliapa huku kasimama. Mume wangu aliapa kwa sauti yake ile ya barazani, mpaka vikombe vikalia kabatini. Mama mkwe, ambaye anakaa nasi, hakuapa. Alisema yeye anaipenda Mrithi, na kwamba yetu ilikuwa inamletea usingizi. Mama mkwe wangu hana breki mdomoni.

Na mimi, je? Mimi nilikuwa nangoja wanipigie simu. Si ili nikubali, la hasha. Nilitaka wanipigie nikatae. Nilikuwa na maneno yangu tayari tangu niliposikia wanaanzisha nyingine, nimeyasema mbele ya sinki mpaka masufuria yameyakariri: "Waambieni waliowatuma, malkia hashuki ngazi kwenda kukaa jikoni. Si leo, si kesho, si kamwe." Kila Jumapili kabla ya chai niliwasomea wenzangu, nao wakafurahi. Simu haikuja. Siku zikapita, msimu wa kwanza wa Mrithi ukaisha, wa pili ukaanza, na kila simu ikilia moyo unanipiga paa, kumbe ni dada yangu anauliza kama nina ndoo yake. Wasinipe hata nafasi ya kuwakatalia? Nililala na kijiba cha roho, nikaamka nacho.

Jumapili ninayoisimulia, mume wangu aliamka kama mtu mwenye mgonjwa hospitali. Mara tuende kumtembelea fulani, mara kuna joto tukae uani. Jemadari alipofika, rimoti haikuonekana. Tukainua mito, tukasogeza viti, na mume wangu anatafuta kwa bidii mahali ambapo kila mtu kashatafuta. Akasema basi, leo tupige soga tu. Mama mkwe akainuka kwenye kigoda chake, akabonyeza kitufe cha ubavuni mwa televisheni, akarudi kukaa. Alituambia tunyamaze, inaanza.

Tulianza kazi yetu kama kawaida. Jemadari alimshughulikia mfalme wao, kijana mwenye nyusi za kuchongwa. Mimi nilikuwa namngoja yule. Akaja, kakaa kwenye kiti changu, kanyoosha mkono bila kuangalia, anataka maji ya kunywa. Mtumishi akaingia na sinia. Alionekana mgongo tu, na kilemba, na miguu.

Mume wangu ana mwendo. Hakuzaliwa nao. Tulimtengenezea mimi na mwongozaji, ukumbini pale pale, tulipokuwa tunamtafuta mfalme ndani yake: kisigino kwanza, halafu anasubiri kidogo, kana kwamba kuna watu mbele wanampisha. Ukamganda. Hata akienda bafuni na taulo begani, anakwenda hivyo. Na sasa mtumishi wa watu alikuwa anavuka ukumbi na sinia la maji, kisigino kwanza, anasubiri apishwe.

Jemadari alikata sentensi katikati. Mimi niligeuka. Mume wangu alikuwa anammiminia Jemadari chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, chai inashuka sahanini, inashuka mezani, naye hajaacha kumimina.

Mama mkwe alisogeza kigoda karibu na kioo. "Huyu si mwanangu?" akauliza, na nikasikia kwamba amefurahi.

Nilimuuliza mume wangu tangu lini. Alisema tangu msimu huu uanze. Siku zote alizoniambia anakwenda kumsaidia rafiki yake gereji, alikuwa kule. Wamemwahidi kwamba hataonyeshwa uso, na hiyo sehemu ya leo walimwambia huenda ikakatwa. Ndiyo maana aliificha rimoti, ilikuwa mfukoni mwake. Akaitoa, akaiweka mezani kwenye chai.

Nilimwambia yaliyonijia, na yaliyonijia hayakuwa machache. Nilimwita mnafiki, nikamwita mpanguza viatu, nikamkumbusha kiapo alichoapa mahali pale pale alipokaa. Jemadari alinipiku. Alipiga paja, akasema yeye angelikufa njaa na magodoro yake kuliko kuwabebea maji watu waliotufukuza. Alikuwa na hasira kunishinda, na nikaanza kushangaa ya nini. Mume wangu akamwangalia, akamwambia kwa upole kwamba msichana wa mapokezi kule anamsalimu, na kwamba barua yake ya kuomba kazi bado ipo.

Jemadari akasema walimwambia amenenepa. Alinyanyuka, akavaa viatu vyake bila kufunga kamba, akaniambia, "Shemeji, chai nzuri," akatoka. Hajarudi mpaka leo, na simhitaji.

Tukabaki watatu na televisheni. Nilidhani yamekwisha, nimebaki na mume msaliti na mama yake anayecheka. Nikamuuliza swali ambalo ningeliacha tu. Nilimuuliza walimpataje, alikwenda kuwapigia magoti kama Jemadari?

Alifuta chai mezani kwanza, kwa mkono wa shati. Akasema walioanza kupiga simu ni wao. Walipiga kwenye simu yangu, ilikuwa inachajiwa hapo kabatini, mimi niko bafuni. Hiyo ni kabla msimu wa kwanza haujaanza. Walikuwa wananitaka mimi.

"Wanitake nifanye nini?"

"Mama wa mfalme," alisema. "Bibi Mkubwa. Walisema hawaoni mwingine."

Nikakaa. Kwenye kioo yule alikuwa bado kwenye kiti changu, amepewa maji yake.

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia maneno yako. Malkia hashuki ngazi kwenda kukaa jikoni. Si leo, si kesho, si kamwe. Sikupunguza hata moja."

Unaona? Hata kukataa kwangu alinipokonya. Maneno yangu, niliyoyapika mimi, nikayasubiria mimi, akayasema yeye kwa sauti yake, mimi nikiwa na sabuni kichwani. Na tangu siku hiyo alikaa kila Jumapili ananisikiliza nayasoma mbele ya watu, anapiga makofi.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu kwamba ningelimla nyama, ama kwa kuwakatalia bila ruhusa yangu, ama kwa kutowakatalia vya kutosha. Nikamuuliza sinia je, sinia lilitoka wapi? Akasema msimu huu alirudi kuwatafuta mwenyewe. Hakuwa na kazi nyingine, akakubali chochote.

"Nilichoka kuwa mfalme wa sebuleni," akasema. "Kule nabeba maji tu, lakini nikiambiwa anza, naanza."

Nilitaka kumrushia sahani. Akaniuliza, sasa kwa sauti ndogo kabisa, "Kwani ungekubali?"

Nilisimama. Nilijinyoosha kama nilivyokuwa nikijinyoosha barazani, nikayasema. Waambieni waliowatuma, malkia hashuki ngazi. Niliyasema vizuri kuliko siku zote, mpaka mama mkwe akageuka kunitazama. Si leo. Si kesho. Si kamwe.

Mume wangu hakupiga makofi. Mwongozaji wetu alikuwa na ugomvi mmoja tu na mimi, nao mume wangu anaujua: neno nisiloliamini, nalitangulizia kumeza mate. Alikuwa anasimamisha watu wote ukumbini kwa sababu ya mate yangu.

"Umemeza," mume wangu akasema. "Kabla ya 'kamwe'. Umemeza mate."

Namchukia kwa hilo mpaka leo. Mtu mliyecheza naye huwezi kumficha kitu, na hapo hapo ndipo anapokuchoma. Ndiyo, ningekubali. Ningekubali kabla hawajamaliza kusema jina la kampuni. Ningekwenda na kandambili za bafuni.

Sikumwambia. Nilimuuliza kama kesho ana kazi. Akasema anayo. Nikamuuliza ya nini, akasema ni ile ile, sinia.

"Basi inuka," nikamwambia. "Kama umeamua kuwa mtumishi, usiniaibishe. Ule si mwendo wa mtumishi. Nchi nzima imekuona unasubiri kupishwa na mapazia."

Nilipanga vikombe vyote vya chai kwenye sinia, vikiwa na machicha yake, nikamtwika mikononi. Nikamwambia aende mlangoni aje. Akaja, kisigino kwanza. Nikamrudisha. Akaja tena, nikamrudisha, nikamwambia ashushe kidevu, hilo sinia si fimbo ya enzi, macho yaangalie vikombe asije akapigwa kwa kumwaga. Nilimsema bila huruma. Nilitaka aumie, na nadhani aliumia. Alikuwa anarudi mlangoni, anajaribu tena, mtu mzima, jasho linamtiririka shavuni.

Kisha mwendo ukaja. Sijui alifanya nini na mabega yake, lakini aliyetoka mlangoni hakuwa na haja ya kupishwa na mtu. Alipita ukutani, karibu na kabati, kimya, ameinamisha shingo. Nilimtafuta mfalme wangu ndani yake, yule aliyeinuka kitandani hajafa, sikumwona. Ilinichoma kuliko uongo wake wote. Mimi ndiye niliyemmaliza, kwa mdomo wangu, mbele ya mama yake.

Akasimama mbele yangu, macho chini, sinia limetulia.

"Maji, Bibi Mkubwa."

Nilikuwa nimekaa. Sikukusudia, ila nilikuwa nimekaa sawasawa, mkono mmoja umenyooka, siangalii. Na maneno ya yule ninayo yote. Jumapili zote hizo nilizokuwa namtukana, nilikuwa nayashika.

"Weka hapo, uonje kwanza," nikasema. "Katika nyumba hii hata maji nimeacha kuyaamini."

Sikumeza. Mume wangu alinyanyua macho, na najua naye aliliona hilo. Mama mkwe alikuwa ameipa televisheni mgongo, anatutazama sisi, mikono mapajani.

"Yule anaisema vizuri zaidi," akasema.

Nilimwambia mume wangu arudi mlangoni, tuanze upya.