Gari la Tabora Uani Kwangu

Mie na gari moshi hatuna ugomvi. Aliyekuwa na ugomvi nalo ni mjukuu wangu Mwaisha, na alikuwa na haki yake. Mwaka ule wa hamsini na tatu baba yake alihamishiwa Tabora, tukaenda wote stesheni ya Shinyanga kumsindikiza. Mtoto akasimama karibu na kichwa cha gari, kikapuliza mvuke, akajikojolea, akarudi nyumbani Ngokolo na homa ambayo nusura itunyang'anye mtoto. Tangu siku hiyo gari likilia tu, hata liwe la mizigo, hata liwe bado liko nje ya mji, Mwaisha yuko mvunguni. Unamwita, hatoki. Unamvuta mguu, anashika tendegu.

Baba yake ni mwanangu Maulidi, mfanyakazi wa reli. Baada ya muda alipata chumba huko Tabora, akatuma salamu kwa mdomo wa mwenzake. Mkewe, Zamoyoni, afunge mizigo aondoke na gari la Jumamosi inayokuja. Na mtoto je? Akikubali kupanda, aje na mama yake. Akisumbua, aachwe kwa bibi, atafuata akikua.

Zamoyoni ni mtu wa kicheko, lakini siku ile hakucheka. "Mama," aliniambia, "nikimwacha sasa, tukionana tena ataniita shangazi." Kisha akaendelea kutwanga, na machozi yanadondoka humo humo kinuni.

Sitaki kujipaka mafuta. Nilitaka Mwaisha abaki. Alikuwa analala mgongoni kwangu, mkono shingoni, na alfajiri ndiye anayeniamsha: "Mke mwenza, amka, mume wetu ana njaa." Huyo mume wetu ni marehemu babu yake, ambaye hata hakumwona. Nyumba yangu bila utani ule ingekuwa nyumba gani? Lakini mtoto ni wa mama yake. Wangu mie nilishalea, na hakuna aliyeninyang'anya.

Basi Zamoyoni alikuwa akimshonea vifungo mke wa Mhindi mmoja mwenye duka, na huko aliona mtoto anafanyiwa sherehe ya siku ya kuzaliwa. Ua mzima uligeuzwa bahari, samaki wa karatasi wananing'inia kwenye kamba, na watoto wamevalishwa kibaharia. Akaja kwangu anahema.

"Mama, na sisi tumfanyie Mwaisha siku yake. Ila ua wetu uwe gari moshi. Alicheze hadi alizoee."

"Kwani alizaliwa lini?"

"Pamba ilikuwa inachumwa."

"Pamba inachumwa miezi na miezi, mwanangu."

"Basi tuchague siku yoyote humo. Tuchague Ijumaa, na Jumamosi tusafiri."

Nikamwambia siku ya kuzaliwa mie naijua moja tu, ya Mtume, na jina lake ni maulidi. Hayo ya samaki wa karatasi ni ya wenye karatasi za kuchezea. Nilisema hivyo huku mguu umeshatoka nje kwenda kuazima mabenchi. Mdomo wangu na miguu yangu havijapatana siku zote.

Tulimpata na Ngassa, jirani yetu, mchukuzi wa mizigo pale stesheni. Ni Msukuma wa moyo safi, ila ana ugomvi wa kudumu na herufi ya r. "Mayu, niachie mimi," alisema, ndiyo mama kwa Kisukuma. "Gali ninalijua mimi." Akaviringisha pipa bovu la lami hadi uani, akaliweka mbele, akapanga mabenchi nyuma yake, moja nyuma ya jingine. Ndani ya pipa aliwasha majani mabichi ili moshi utokee juu. Zamoyoni alikata tiketi kwenye makaratasi ya majani ya chai. Sinia la vitumbua akalifanya magurudumu, na juu yake akapanga vipande vya mkate wa kumimina, akaniambia yale ni mabehewa. Nikayaona mabehewa, kwa kuwa nilishaambiwa.

Mie nilipewa kupika pilau na kualika. Kupika nilipika. Kwenye kualika sasa, ningesemaje? Neno lenyewe sina. Nikapita nyumba kwa nyumba: "Ijumaa baada ya alasiri karibuni kwangu, kuna maulidi ya Mwaisha." Watu wakaitikia vizuri mno, na mtu mwenye akili hapo angeshtuka.

Ijumaa ikafika, na wageni nao wakafika. Wanawake wamejitanda kanga mpya, wananukia udi. Wazee wako ndani ya kanzu zilizopigwa pasi. Nyuma yao anakuja Maalim wa chuo na wanafunzi wake, matari kwapani. Wakaingia uani, wakakuta pipa linafuka moshi, na Ngassa amevaa kofia ya reli ya kuazima.

Maalim alisimama akatazama, akanigeukia. "Bi Mwahija, maulidi husomwa mkekani. Haya mabenchi yamepangwa kama watu wanakwenda wapi?"

"Tabora, Maalim," nikasema. Ningesema nini tena?

Ngassa, ambaye hakujua lolote, aliona abiria wamekwisha kufika, akapuliza kipenga kwa nguvu zake zote. Mwaisha alikuwa mlangoni na gauni lake jipya. Nililiona gauni likigeuka tu. Mwenyewe alishakuwa mvunguni. Zamoyoni akabaki amesimama na tiketi zake mkononi, na mie nikamwona pale pale jinsi atakavyoondoka peke yake kesho yake. Roho iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Nikamweleza Maalim yote, hadharani, bila kuficha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na matari je, anayaogopa?" akauliza.

"Matari? Huyo amebembelezwa kwa matari toka mchanga. Kila maulidi nilikuwa naye mgongoni."

"Basi yamekwisha," akasema. Akavua viatu kwa mazoea, akakumbuka, akavivaa tena, akaketi benchi la mbele. "Safari ina dua yake. Pandeni."

Wakapanda wote, wazee na kanzu zao, wanawake na udi wao. Maalim akaomba dua ya safari, tukaitikia amin. Kisha vijana wakaanza matari, polepole, kama gari linavyojivuta kutoka stesheni, halafu wakakoleza kidogo kidogo, na mabega ya watu yakaanza kuyumba upande mmoja. Ngassa akapaza sauti, "Isaka! Wa Isaka washuke!" Hakushuka mtu.

Nikaona kichwa kidogo mlangoni.

"Bibi, wanakwenda wapi?"

"Tabora."

"Mbona Maalim haogopi?"

"Kamwulize."

Hakumwuliza. Alizunguka pipa kwa mbali, akapokea tiketi kwa mama yake, akapanda akakaa ubavuni mwa Maalim. Kufika Bukene alikuwa anapiga makofi. Kabla ya Tabora alishamnyang'anya Ngassa kipenga, na aliyetangaza kuwa tumefika ni yeye. Zamoyoni alikuwa amesimama nyuma ya benchi la mwisho, anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya kanga.

Watu wakashuka, na mie wakati huo niko kwenye jungu, napakua. Wa kwanza kuleta sahani alikuwa Mwaisha. "Bibi," akasema, "kumbe Tabora kuna pilau." Ua mzima ukacheka, na mie nilicheka kuwashinda wote.

Jumamosi tulikwenda stesheni, Ngassa ametangulia na mizigo kichwani. Gari likaingia, likapuliza mvuke kama siku ile. Mwaisha akanishika kanga. Nilihisi vidole vyake vimekaza, nikasema moyoni, haya, ndiyo yale yale. Akalitazama lile lichuma kutoka mbele hadi nyuma.

"Ni la Tabora hili?" akauliza.

"La Tabola," Ngassa akamjibu. "Panda, mayu mdogo."

Akaniachia kanga. Akapanda mwenyewe, gauni amelikunja mkononi, wala hakutaka kushikwa. Zamoyoni alinikumbatia. Akapanda.

Walipata nafasi dirishani. Nikasogea, nikainua mkono kuwaaga. Mwaisha akanikunjia uso.

"Bibi, mbona umesimama? Wahi ukapakue."

Sikuelewa upesi. Nilidhani ni utani wake. Kisha ikaniingia: mtoto huyu hakuwa ameacha kuliogopa gari hivi hivi. Alikuwa anajua linakokwenda. Tabora ni uani kwangu, unashuka unamkuta bibi kwenye jungu.

Zamoyoni alishaelewa kabla yangu. Alikuwa ananitazama kupitia dirishani. Neno moja la kweli, na mtoto angeshuka. Angelia, ningembeba, tungerudi naye nyumbani, na usiku angelala mgongoni kwangu. Tulilijua sote wawili.

"Nawahi, mke mwenza," nikasema. "Shika tiketi yako vizuri."

Nikageuka. Mwaisha alikuwa bado ananitazama, na mtu anayewahi kupakua haendi kwa kujikongoja. Nikakimbia. Mwanamke mzima, bibi wa watu, nikatoka stesheni mbio, kanga inaniponyoka, watu wananipisha wakidhani nimepata habari ya msiba. Nililisikia gari likilia nyuma yangu, likaondoka, nikajua hanioni tena. Niliendelea kukimbia hadi nyumbani.