Sauti Namba Nne

Mume wangu ndiye aliyeuleta ule mchezo shuleni kwetu, na mimi ndiye niliyeupigia debe kwa mwalimu mkuu mpaka akachoka kunisikia. Ni mchezo wa kuwafundisha watoto hisia za watu. Mtoto anasikia sauti kwenye kishikwambi, kisha anagusa uso unaolingana nayo: wa furaha, huzuni, hasira au woga. Akipatia, anaulizwa angemfanyia nini huyo mtu. Mume wangu, ambaye mtaani wanamwita Masikio kwa kuwa hedifoni hazimtoki kichwani, ndiye fundi wa sauti zote za mchezo huo. Nilimwonea fahari, siwezi kukataa. Walimu wenzangu walikuwa wameshachoshwa na sifa zake.

Jumatatu asubuhi darasa langu la pili likafika kwenye sauti namba nne. Nilikuwa namkanya mmoja aliyekuwa akichungulia majibu ya mwenzake, spika ikatoa kilio cha mwanamke. Kwikwi tatu, kimya, halafu kilio kirefu kinachokatikia kwenye kikohozi.

Kikohozi kile kilikuwa changu. Kilio kile nimekilia mara moja tu maishani, mwaka jana, siku niliyoambiwa kwamba mama yangu amefariki.

Watoto wakagusa uso wa huzuni, wote kasoro mmoja.

"Mwalimu, huyu mama analia kama mbuzi!"

Darasa zima likavunjika mbavu. Nilimwambia akae vizuri. Kisha likaja swali: ungemfanyia nini mtu huyu? Na jibu lenye nyota tatu lilikuwa: ningemkumbatia.

Na kweli mume wangu alinikumbatia. Siku ile kaka yangu hakunipigia mimi, alimpigia mume wangu, kwa sababu habari ya namna ile humpi mtu kwenye simu akiwa peke yake. Alimkabidhi yeye anifikishie taratibu. Naye alinifikishia vizuri mno. Alinikuta chumbani nakunja nguo, akanikalisha kitandani, akaniambia, akanishikilia mpaka nikachoka kulia. Tangu hapo, kila tulipogombana, na tumegombana sana, nilikuwa naukumbuka ule mkono wake mgongoni mwangu, hasira zinashuka. Ndoa yetu ilikuwa imesimama juu ya dakika zile.

Nilimwachia darasa mwalimu wa chumba cha jirani, nikaenda studio kwake kwa miguu. Ni mitaa miwili tu. Hakukuwa na cha salamu.

"Sauti namba nne ni ya nani?"

Akavua hedifoni. Alipouona uso wangu akanywea.

"Ngoja nikueleze, mke wangu."

"Eleza."

"Ilikuwa bahati mbaya. Siku ile nilikuwa narekodi mvua kibarazani. Kaka yako alipopiga nikachanganyikiwa, nikakitia kinasa sauti mfukoni, nikasahau kukizima. Nimekuja kukuta baadaye."

"Ukakuta, ukaitia kwenye mchezo."

"Waigizaji watatu walijaribu! Watoto wanawashtukia, wanasema huyu anajifanya. Lakini kilio chako..." Hapo akajisahau, macho yakamng'aa. "Chako watoto tisini na wanane kati ya mia wanakitambua papo hapo. Sijawahi kusikia mtu akilia vizuri namna hiyo."

Kulia vizuri! Nilikitazama kiti chake cha ofisini, nikakadiria kama ningeweza kukinyanyua.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

Angalau hilo lilikuwa la kweli. Akaanza kubembeleza: ataitoa leo leo, atawaambia wenye mchezo ameharibu kazi, hata wamfukuze. Nami nikaanza kulegea, ubaya wangu ndio huo. Nilijiambia mtu aliyechanganyikiwa anaweza kusahau kitu mfukoni. Ameniibia, sawa, lakini aliniibia baadaye. Alipokuwa amenishika alikuwa amenishika kweli. Hilo tu ndilo nililotaka kubaki nalo, mengine tungegombana tukayamaliza.

"Nipe rekodi nzima," nikamwambia, "ile ya kabla hujaikatakata. Niisikilize mara moja, halafu uifute mbele yangu."

"Ya nini kujiumiza?"

"Ni msiba wa mama yangu."

Akasita. Akasema ataniletea nyumbani. Nikasema hapa hapa. Akaifungua kwenye kompyuta, akaisogeza mpaka katikati, akanivalisha hedifoni kwa upole kabisa.

"Inaanzia hapa," akasema.

Nikaondoa mkono wake kwenye kipanya, nikairudisha mwanzo.

Nilitegemea kusikia mvua. Hakukuwa na hata tone, wala simu ya kaka yangu. Kulikuwa na utulivu wa korido yetu, pumzi za mume wangu, na kitambaa kikisuguana na kitu. Halafu sauti yake, ya chini, ile ya kazini:

"Moja, mbili. Moja, mbili."

Kimya kidogo, anahakikisha kama imekaa sawa. Kisha hatua, mlango unafunguka, na mwanamke mwenye furaha zake anamwambia, "Afadhali umekuja, njoo unishikie hili shuka tulikunje."

Kwa hiyo alijua. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mama hayupo, na kabla hajaja kuniambia alisimama nje ya mlango akajaribu kinasa sauti.

Nilivua hedifoni. Machozi yalikuwa yameshanifika, na yeye aliyaona, akanyoosha mikono yote miwili anishike. Nikayameza. Nikampita, nikashuka ngazi, nikaenda kulilia barabarani, mbele za watu nisiowajua.