Bafu la Kuonyesha Wageni

Kila baada ya siku chache, asubuhi kabla mama yake hajaamka, msichana alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa akaufuta ukuta wa bafu kwa kitambaa na dawa ya madoa. Kuvu nyeusi ilianzia pembeni, juu ya bomba la kuogea, ikateremka kama masizi. Aliifuta, ikapotea. Haikukawia ikarudi, naye akarudi juu ya ndoo.

Leo hakuwa amefika nusu aliposikia hodi.

Alikuwa mama mwenye nyumba, anayeishi nyumba ya mbele, pamoja na mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni.

"Samahani kwa kukuvamia, mwanangu. Huyu dada anataka chumba cha jirani, na fundi kaondoka na ufunguo. Nikasema vyumba ni pacha, aje aone kwako. Wewe ndiye mpangaji wangu wa mfano."

"Kwani wengine wakoje?" mgeni aliuliza akicheka.

"Usiniulize. Aliyetoka hapo jirani kaniachia bafu jeusi kama tako la sufuria. Nikamwambia, kuvu umetoka nayo kwenu. Nyumba yangu haina kuvu, ina wachafu."

Msichana aliinamisha uso. Maneno hayo aliyasikia siku jirani yake alipohama, uani, wapangaji wote wametega masikio. Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kupanda ndoo. Na kweli alikuwa na kosa lake: kidirisha cha bafu kinatazama njia ya watu, naye kwa aibu alikiziba kwa fulana kuukuu. Basi kila wachafu waliposemwa, alijiona ni yeye. Lakini aliujua ukuta ule. Hata siku ambazo hakuna aliyeoga, ulilowa.

Mgeni alichungulia bafuni, kwenye kiza. "Peupe. Ila dawa inanukia."

"Usafi huo," alisema mama mwenye nyumba.

"Hakuna unyevu, mdogo wangu? Huyu kifua chake kibovu."

"Muulize tu. Huyo hata kudanganya hajui."

Nyuma ya pazia mama wa msichana alianza kukohoa, kikohozi kikavu kisichotaka kukatika.

"Nani anaumwa?"

"Mafua hayo," mama mwenye nyumba alidakia. "Baridi ya asubuhi."

Masikio ya msichana yaliwaka. Kusema "hakuna" kulikuwa rahisi; angebaki mwanangu, angebaki wa mfano. Alitazama kisigino kidogo kilichochomoza kwenye mbeleko.

"Upo," alisema.

"Nini kipo?" mama mwenye nyumba aliuliza. "Mbona unaongea kama umemeza pamba?"

Aliingia bafuni, akaichomoa fulana dirishani. Mwanga ukaangukia ile nusu ya ukuta aliyokuwa bado hajaifikia. Mgeni alirudi hatua nyuma, mkono ukienda mgongoni kwa mtoto.

"Dirisha nililiziba mimi, mama," msichana alisema. "Hilo kosa ni langu, na kuanzia leo litakaa wazi. Lakini bomba linavuja ndani ya ukuta, na ukuta ni wako. Nimefuta mpaka nimechoka. Naomba ulete fundi, mama yangu anaumwa."