Maegesho ya Wageni

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa, hata utumwa ukapata ofisa wake. Aliitwa Bwana Eustace, kijana wa suruali yenye mkunjo mkali, akatumwa kutoka Morogoro mjini apande hadi kijiji kimoja upande wa Matombo, watalii wapate cha kutazama. Akaliona jiwe kubwa ambalo Agnes na wanawake wenzake walianikia maharage, akauliza kama misafara ya watumwa ilipita hapo. Wazee wakasema ilipita. Kwa kweli ilipita kule chini bondeni, lakini huko gari lisingefika.

Basi jiwe likawa Jiwe la Watumwa. Bwana Eustace akalitafutia mnyororo, akaupata Mikese kwa fundi mmoja aliyekuwa akiutumia kuvuta malori mabovu. Ulikuwa bado unang'aa, akaagiza ufukiwe mferejini wiki tatu upate umri. Kibao nacho kikaandikwa: watumwa walipita hapa, wakapelekwa pwani, hakuna aliyebaki. Agnes alikisoma mara mbili, kisha akahamishia maharage yake juu ya bati la banda la mbuzi.

Mmoja alibaki. Bibi yake Agnes, mzaa mama yake, aliachwa hapo akiwa mtoto wa miaka minane hivi, miguu imevimba hawezi kwenda tena, akabadilishwa kwa vipande viwili vya kaniki na mfuko wa chumvi. Waliomnunua wakamwita Faida. Ukoo ulikuwa na upungufu wa wasichana, na kwa Waluguru ukoo na shamba hupitia kwa mama, kwa hiyo watoto wa Faida wakahesabiwa wana ukoo, wakapewa pa kulima. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba jambo hilo lisitamkwe. Mjukuu wa mtumwa akilitamka kwa kinywa chake amejitoa ukooni, na shamba linarudi. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza. Faida alipokufa alizikwa upande wa chini wa njia pamoja na wengine watatu wa namna yake. Wenye ukoo wao huzikwa upande wa juu.

Agnes aliishi na hayo yote vizuri tu, mpaka asubuhi aliyomkuta Bwana Eustace chini ya njia akipigilia vigingi.

"Shikamoo mama. Hapa tunaweka maegesho ya wageni. Tambarare safi, haina kitu."

"Marahaba. Hapa pana makaburi."

"Ya nani? Mzee Yakobo kaniambia watu wao wote wako kule juu."

Mzee Yakobo ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo, na Agnes alimwita mjomba. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa njaa aligawana na Agnes mihogo yake ya mwisho. Sasa alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake, anatazama kilima cha pili kana kwamba kimeletwa jana. Agnes akamkazia macho ili aseme yeye. Mzee akakohoa.

"Ya nani, mama?" Bwana Eustace akarudia, kalamu tayari mkononi.

Agnes aliifikiria migomba yake, na mdalasini aliopanda marehemu mama yake. Akafikiria na tairi la basi juu ya kifua cha bibi, yule aliyemfundisha kusuka mikeka na hakusema hata siku moja kwao ni wapi.

"Ya bibi yangu," akasema. "Alinunuliwa hapa hapa. Alikuwa mtumwa, mimi ni mjukuu wake, na mjomba anajua."

Wanawake waliokuwa wakipita na ndizi kichwani wakaongeza mwendo.

Bwana Eustace alifurahi sana, halafu akakumbuka. "Lakini kibao kimeshaandikwa," akasema kwa masikitiko. "Tena kwa rangi ya mafuta." Akamgeukia mzee. "Sasa maegesho tutayaweka wapi?"

Mzee Yakobo alichomeka fimbo yake ardhini.

"Kuna tambarare nyingine," akasema bila kumtazama mpwa wake. "Pale kwenye migomba. Pamerudi kwenye ukoo."

Migomba ilikatwa Jumatatu. Vigingi vya chini ya njia Agnes aliving'oa mwenyewe, akavipikia.

Wageni wa kwanza walikuja Agosti, wahadhiri na wanafunzi, basi lao likaegeshwa vizuri kati ya visiki. Wakasomewa kibao. Wakaushika mnyororo wa Mikese kwa heshima, na mhadhiri mmoja, mama wa makamo, akalia kwa uchungu wa kweli. Akashuka chini ya njia ajifute machozi peke yake, akamkuta Agnes anapalilia kati ya mawe madogo.

"Shikamoo. Nani amelala hapa?"

"Marahaba. Bibi yangu, Faida. Yeye alibaki."

Mgeni akageuka kukitazama kibao kule juu, akarudisha macho kwa Agnes.

"Sogea kidogo, mwanangu," Agnes akamwambia. "Umemkanyaga miguu."