Wekundu wa Kilimani

Kazi yangu ni kuchora maneno ya watu wakiwa bado wanayasema. Mikutanoni wananiita Kalamu. Nasimama kando ya jukwaa mbele ya karatasi pana kama ukuta, na msemaji akifika sentensi ya pili, mimi bado naihangaikia ya kwanza. Kazi hii inataka subira, na mimi subira sikujaaliwa.

Asubuhi ile ulikuwa mkutano wa watu wa satelaiti, wale wanaoitazama dunia kutoka juu. Mtaalamu wa picha akaonyesha picha iliyopigwa siku hiyo hiyo. Mto nikaujua, na kona yake nikaijua. Ni kwetu. Kilima anakoishi mama kilikuwa chekundu chote, na bonde chini yake jeusi, limetulia.

"Hali hapa ni ya hatari," akasema mtaalamu.

Sikungoja lililofuata. Nilichora ndimi za moto juu ya kilima, nikatoka ukumbini mbio kumpigia mama.

"Mama, kilima kinaungua. Shuka bondeni, ukae sokoni."

"Kinaungua wapi? Mbona hata harufu ya moshi sisikii?"

"Satelaiti imeona. Leo tu, mama, nakuomba usibishane nami."

"Haya. Ngoja nivae viatu."

Mama yangu ana kichwa kigumu, hata dawa hunywa akipenda yeye. Siku hiyo akanitii.

Niliporudi, watu walikuwa wakipiga picha mchoro wangu. Mtaalamu naye alikuwa ameshuka jukwaani, ananingoja.

"Dada Kalamu, moto huu umeutoa wapi?" akauliza kwa upole. "Nilieleza, labda ulikuwa umetoka. Rangi hizi si za macho yetu. Wekundu ni mimea, tena yenye afya. Weusi ndio maji. Mto umevunja kingo, na bado unapanda."

Njia ya kushukia sokoni inapita korongoni, na korongo lile likijaa halipigi hodi.

Nikapiga simu. Ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena, nazunguka pale mlangoni kama kuku anayetaka kutaga, najitukana kimoyomoyo. Hatimaye akapokea, anahema.

"Nimefika darajani. Maji yanapita juu yake, lakini si umesema sokoni? Nimeshakunja nguo nivuke."

"Usivuke, mama. Usiguse hayo maji. Geuka, rudi juu kwenye wekundu."

"Wekundu gani tena? Huko juu naona majani tu."

"Hayo hayo, mama. Rudi kwenye majani."

Akapanda, ananisema njia nzima: haraka zangu, simu zangu, goti lake, viatu vyake vilivyolowa. Mimi nilikaa chini, mgongo ukutani, simu sikioni, nikamsikiliza mpaka nikasikia mlango wake ukifunguliwa. Sikumkatiza hata neno.