Sauti ya Mama Pacha

"Wewe! Toka hapo! Huoni maji?"

Mkuu wa Kitengo cha Maafa aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alama ya kiatu chake ilikuwa imeshabaki kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, mbichi na wazi kama muhuri wa serikali. Hakuuliza anayemfokea ni nani. Alirudi nyuma hatua tatu, akajibanza ukutani na faili kifuani, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba mkuu ni yeye.

"Samahani, mama," alisema hata hivyo.

Mama Pacha nusura aangushe dekio. "Uniwie radhi, mkuu. Nilidhani ni wale wa masjala."

Miaka kumi na tisa alikuwa akisafisha jengo lile, ghorofa tatu na ngazi zake zote, na sauti yake ilikwisha kumletea barua mbili za onyo. Si kwamba alikuwa mgomvi, aliumbwa nayo. Akisalimia, watu walidhani kuna mtu kaanguka. Pacha wake walipokuwa wadogo aliwaita mara moja tu, nao wakaja pamoja na watoto wa mtaa mzima. Chini ya jua palikuwa na binadamu mmoja asiyewahi kuitii sauti ile, naye ni mumewe, Baba Pacha, fundi viatu mwenye kibanda kando ya mto, hatua thelathini kutoka darajani. Kila msimu wa mvua alimwambia ahame. Kila msimu wa mvua fundi alimjibu akiwa na misumari mdomoni, hata jibu lenyewe lisieleweke.

Mlango wa kioo wa chumba cha mikutano ukafunguka, akatoka mhandisi, binti mwembamba mwenye nyaya shingoni.

"Mama, hebu rudia ulivyosema."

"Mwanangu, nimeshaomba radhi."

"Siyo radhi. Yale ya maji."

Miezi mitatu mhandisi huyu alikuwa akihangaika na kifaa alichokifunga chini ya daraja. Mto ukipanda kufikia alama nyekundu, kompyuta yenyewe, bila kuamshwa na mtu, ingepigia simu kila nyumba ya bondeni. Kila kitu kilifanya kazi isipokuwa ujumbe. Walikuwa wamemkodi mtangazaji mwenye sauti ya asali, akasema, "Mpendwa mwananchi, tunapenda kukujulisha kuwa kina cha maji kinatarajiwa kuongezeka." Wakawajaribu watu arobaini. Thelathini na wanane walikata simu kabla ya kufika kwenye maji. Mmoja aliitikia "Amina." Wa mwisho aliuliza zawadi yake ataichukulia wapi.

"Lakini mkuu karuka," mhandisi alisema, macho yakimng'aa. "Nimemwona mwenyewe. Hakufikiri hata kidogo."

Mkuu akatazama dari.

Wakamketisha Mama Pacha mbele ya kinasa sauti, wakampa karatasi. Akaisoma kama mtu anayesomewa mashtaka. Sauti ikasinyaa, ikawa ya kuku mgonjwa. Mhandisi akamnyang'anya karatasi.

"Usiwaambie wote, mama. Mwambie mtu mmoja tu. Yule asiyesikia."

Mama Pacha hakuhitaji kuuliza ni yupi. Akafumba macho, akavuta pumzi.

"Wewe! Maji yanakuja! Acha hicho ulichoshika! Panda shuleni, sasa hivi, na usinijibu!"

Vioo vya dirisha vilitetemeka.

"Hilo la usinijibu tulifute?" mkuu aliuliza taratibu.

"Usiliguse," alisema mhandisi.

Wiki tatu zikapita. Alhamisi moja saa nane mchana, jua likiwaka na mbingu safi kama sahani iliyooshwa, Mama Pacha alikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu simu yake ilipolia mfukoni. Akapokea. "Wewe! Maji yanakuja!" Alikuwa ameshashuka ngazi tano, ndoo ameiacha, kabla hajatambua ni nani anayemfokea.

Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko milimani, na mto ulikuwa ukiiteremsha kimyakimya.

Akampigia mumewe. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Mara ya tatu ikamwingia akilini: aliyekuwa akiongea na mumewe ni yeye mwenyewe.

Akakimbia. Alipofika shuleni, juu ya kilima, uwanja ulikuwa unajaa. Kinyozi alikuwepo na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Mzee mmoja alikuwa na taulo na povu masikioni. Na wote walimtazama Mama Pacha kwa uchungu.

"Jirani, nimekukosea nini mimi?" aliuliza muuza mkaa.

"Hata kama, shoga, ndiyo unifokee mbele ya wakwe zangu?" alidakia mwanamke mmoja.

Aliwapita wote. Alikuwa akitafuta aproni ya ngozi na kichwa chenye upara. Akafika ukingoni mwa uwanja, akatazama chini. Maji ya rangi ya udongo yalikuwa yamefunika daraja. Kibanda hakikuonekana, ila paa lake tu. Likayumba, likageuka polepole kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, likaenda zake.

Alifungua kinywa amwite mumewe. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakikutoka kitu.

"Mwanamke, unajua aibu uliyonitia?"

Akageuka. Baba Pacha alikuwa nyuma yake, amenuna, mikono mitupu. Akatema misumari miwili kiganjani ili alalamike vizuri.

"Nina mteja mbele yangu. Unapiga, unafoka. Nakueleza kwa upole kwamba kiatu kimebaki nyuzi mbili, wewe unarudia yaleyale. Nakata, unapiga. Mara ya tatu nikasema, huyu leo kakasirika kweli, nisipokwenda hatanisamehe."

"Ukaja."

"Nimekuja kuuliza kosa langu!"

Mama Pacha alitoa mlio ambao majirani hawakujua kama ni kicheko au kilio. Ndipo fundi alipotazama bondeni, juu ya bega la mkewe. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa kwenye ngazi ya darasa.

Jua likielekea kuzama mhandisi akafika, suruali imelowa hadi magotini. Nyumba kwa nyumba walikuwa wamehesabu. Hakuna aliyebaki chini.

"Mama, kompyuta inahitaji ujumbe wa pili," alisema, akimnyooshea simu. "Uwaambie wako salama. Walale hapa, asubuhi tutashuka pamoja."

Habari zikaenea. Watu wakasogea, watoto wakaziba masikio mapema. Mama Pacha akaishika simu kwa mikono miwili. Akamtazama mumewe, ambaye bado alikuwa akiangalia mahali palipokuwa na kibanda.

"Jamani," alianza.

Sauti ikatoka ndogo mno, hata waliokuwa nyuma wakasimama, waliokaa wakajivuta mbele, na fundi akageuza kichwa, akaweka kiganja sikioni.